Mzinga wenye nguvu mwisho wa winta: kuanzia Februari mpaka Mei, hatua kwa hatua

Nianze na mzinga uliokufa mikononi mwangu. Ilikuwa katikati ya Machi hapa Lancaster, Pennsylvania, theluji imeshaanza kuyeyuka, na kati ya mizinga yangu minne kulikuwa na mmoja ambao Januari yote nikipita nikaugonga kidogo unajibu kwa mvumo mzito, basi nikasema huu hauna shida, hawa watatu wadogo ndo wa kuhangaikia, nikawapa wadogo sukari. Siku ya kwanza ya jua la maana wadogo wakatoka kuruka, mkubwa kimya. Nikafungua mfuniko. Nyuki wamejaa kwenye masega wamebanana kama kawaida, ila kila mmoja kichwa kimezama ndani ya tundu la sega na mkia uko nje, hatikisiki mtu, nilipovuta fremu, zile mbao zinazoshika sega, wakaanza kudondoka kama punje za mahindi. Malkia nilimkuta katikati yao, bado ana lile doa la rangi mgongoni. Chini yao majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyofunikwa kwenye matundu, ukubwa wa sahani. Na fremu mbili tu pembeni, kama sentimita saba hivi, asali imefunikwa na haijaguswa.

Tangu siku ile nimekuwa mkali sana na jambo moja: mwisho wa winta usihesabu mzinga wenye nguvu kama umeshavuka. Huo ndo ulio karibu zaidi na kufa njaa mwezi Machi, na ukiuvusha Machi ndo huo huo utakaomeguka Aprili nusu ya nyuki waende zao juu ya mti wa jirani. Kazi yako kwa wiki kama kumi hivi ni kuwalisha wasife, halafu kuwapanua wasiondoke.

Nyumbani kwetu Sikonge, Tabora, babu alitundika mizinga ya magome kwenye miombo na hakuwahi kulisha nyuki hata siku moja, manake nyuki wa kule njaa au kiangazi kikibana wanahama, wanafuata maua, mzinga unabaki mtupu na maua yakirudi kundi jingine linaingia. Nyuki wa huku hawana hiyo njia. Februari nje kuna theluji hamna ua hata moja, wapo walipo na kilichomo ndani ndo hicho hicho. Kwa hiyo wewe uliyekulia kwenye nyuki wa nyumbani kuna mambo mengi unayajua kuliko majirani zako wa huku lakini hili la winta inabidi ulijifunze upya, mi nilijifunza kwa hasara.

KWANZA UELEWE KINACHOENDELEA NDANI

Joto likishuka chini ya nyuzi kama 14 nyuki wanajikusanya kuwa donge, wa nje wamebanana vichwa vikiangalia ndani, wa kati wanatetemesha misuli ya kifua kutoa joto. Novemba na Desemba malkia ametulia, hakuna majana au yapo kidogo sana, donge halihitaji joto kubwa na chakula kinaliwa polepole. Halafu siku zikianza kurefuka, mwishoni mwa Desemba kwenda Januari, malkia anaanza kutaga kiduara kidogo. Hapo hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu majana yanataka nyuzi 34 au 35 muda wote, usiku na mchana, hata nje kukiwa chini ya sifuri. Kuni za moto huo ni asali. Kundi lililokuwa linakula taratibu sasa linakula mara mbili au tatu ya Desemba na kundi kubwa lina majana mengi zaidi, kwa hiyo linakula zaidi ya wote.

Na kuna jambo jingine linaloua kuliko hata upungufu wenyewe. Donge likishakuwa na majana halisogei, nyuki hawaachi watoto. Ikija siku tatu nne za jua wanajitanua na malkia anataga zaidi, halafu baridi inarudi ghafla wiki nzima, wanajibana juu ya majana na hawawezi kutembea fremu mbili kufuata asali. Ndo kile nilichokiona Machi ile. Mzinga una asali na nyuki wamekufa njaa.

Kama nyuki wako ni wale wa Kiitaliano wenye rangi ya dhahabu jua kwamba wanalea majana mengi mapema na wanakula sana. Wale weusi-kijivu wa Karniola wanapita winta na donge dogo, wanabana matumizi, ila chavua ikianza tu wanaongezeka kwa kasi ya ajabu na hao ndo wa kuwawahi kwenye kumeguka.

FEBRUARI MWANZONI: SIKILIZA, NYANYUA, USIFUNGUE

Weka sikio kwenye ubao wa pembeni, gonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Mvumo ukipanda halafu ukatulia haraka, vizuri. Ukipanda na ukabaki unalia muda mrefu kama kilio, mara nyingi kuna shida, pengine malkia hayupo. Kimya kabisa usikimbilie kusema wamekufa, sogeza sikio juu, donge la Februari mara nyingi limeshapanda mpaka chini ya mfuniko.

Halafu uzito. Wazoefu wananyanyua nyuma ya mzinga kwa mkono mmoja na wanajua. Mimi mkono ulinidanganya kwa hiyo natumia ile mizani ya kupimia mabegi ya safari, ile ambayo kila mmoja wetu anayo ndani kwa ajili ya kilo 23 za ndege. Unafunga kamba imara chini ya sakafu ya mzinga upande mmoja, unanyanyua kidogo tu mpaka upande huo uachane na stendi, unasoma, unafanya hivyo hivyo upande wa pili, unajumlisha. Mzinga wangu wa masanduku mawili makubwa ya fremu kumi, pamoja na masega, nyuki, sakafu na mfuniko lakini bila asali, unacheza kwenye kilo 30. We pima wa kwako ukiwa mtupu uandike namba kwenye sanduku kwa kalamu ya maki, mbao zinatofautiana. Kinachozidi hapo ndo chakula. Katikati ya Februari nataka kundi kubwa liwe bado na kilo 12 za asali, na zikiwa chini ya hapo nawawekea sukari siku hiyo hiyo. Fremu kubwa iliyojaa asali pande zote ina kama kilo 2.5 mpaka 3, kwa hiyo kilo 12 ni fremu nne au tano, na kundi kubwa lenye majana linazimaliza kabla hujastuka.

Pima kila baada ya wiki mbili. Ukiona imeshuka kilo 3 wakati mara ya mwisho ilishuka 1, ujue malkia kaanza kazi.

Mlangoni: chukua waya uupinde kama ndoano, uingize taratibu ukwangue nyuki waliokufa. Kundi kubwa lina maiti nyingi, ni kawaida, nyuki wa winta wanazeeka, lakini zikirundikana zinaziba mlango, hewa haipiti na siku ya jua nyuki wanashindwa kutoka kujisaidia. Ndiyo, nyuki hawachafui ndani, wanabana wiki hata kadhaa wakisubiri siku ya nyuzi kama 10 (hapa wanahesabu kwa farenhaiti, ni 50) watoke wajisaidie hewani. Ukikuta madoa ya njano na kahawia juu ya theluji mbele ya mzinga furahi, wapo hai. Madoa yakiwa mengi ndani juu ya fremu hapo ndo uanze kufikiria ugonjwa wa tumbo.

Theluji ikiangukia mzinga juu iache, inakinga upepo. Unyevu ndo adui. Kundi kubwa linapumua sana, mvuke unapanda unagonga mfuniko wa baridi unageuka maji na kuwadondokea. Nyuki mkavu anastahimili baridi kali, aliyelowa hafiki asubuhi. Weka kipande cha foamu ngumu ya insulesheni ya sentimita 5 chini ya mfuniko wa bati, acha kitundu kidogo cha hewa juu, na inamisha mzinga mbele kidogo, hata kwa kuweka kibao chembamba nyuma, ili maji yanayotengenezwa yatokee mlangoni.

KULISHA: SUKARI KAVU, JUU YA DONGE

Msimu huu sukari ni ya mezani, nyeupe. Sukari ya kahawia na sukari guru hapana, zina vitu visivyomeng'enywa vinavyowaharisha nyuki waliofungiwa ndani. Asali ya dukani hapana kabisa, hata kama umeinunua ya bei kali kiasi gani, inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa ule mbaya wa kuoza majana, vinadumu miaka na miaka, na ukishaupata mzinga unachomwa moto. Asali ya mizinga yako mwenyewe yenye afya hiyo sawa, fremu nzima ndo bora kuliko sukari yoyote.

Maji ya sukari pia bado. Yakiwa baridi nyuki hawayagusi na yanaongeza unyevu. Subiri mpaka mchana unafika nyuzi 10 siku nyingi mfululizo, hapo changanya sukari moja kwa maji moja.

Njia ninayotumia: natengeneza matofali ya sukari. Kilo 5 za sukari, maji mililita 350 mpaka 400, changanya kwa mikono kwenye beseni mpaka ishikane kama mchanga wa pwani uliolowa, shindilia kwenye trei yenye karatasi, chora mistari ya kukatia, acha jikoni siku mbili ikauke. Hamna kupika, hamna siki wala limao, watu wanaweka na sijaona sababu, na ukichemsha sukari na asidi unatengeneza kitu ambacho si kizuri kwa nyuki. Kama hujajiandaa na mzinga ni mwepesi leo, tandika gazeti moja juu ya fremu, acha nafasi pembeni nyuki wapite, nyunyizia maji kidogo, mimina sukari kilo 2, nyunyizia tena ili ishikane wasiitoe nje kama takataka.

Matofali au sukari hiyo inahitaji nafasi kati ya fremu na mfuniko, kwa hiyo unaweka rimu ya mbao, ukubwa wa sanduku, kimo sentimita 5. Siku ya kuweka chagua mchana usio na upepo, hata nyuzi 5 inatosha, manake hutoi fremu. Vitu vyote viwe mkononi kabla hujagusa mfuniko. Moshi pumzi moja au mbili tu. Fungua, weka tofali moja kwa moja juu ya donge, si pembeni, funga. Chini ya dakika moja. Ukirudi baada ya wiki mbili utaona sukari imeliwa kwa chini kama pango, nyuki wamening'inia mle ndani mapajani mwao kunang'aa unyevu, wanaramba. Mimi picha hiyo inanitosha kwa mwezi mzima wa Februari. Ikibaki nusu ongeza, kundi kubwa lisikae bila sukari juu ya kichwa hata siku moja mpaka maua yawe yameanza kweli kweli.

Keki ya chavua sasa. Watu wengi wanaona mzinga umechangamka Februari wanauwekea keki ya chavua ili uongezeke. Maoni yangu, kwa mzinga wenye nguvu usiweke. Unasukuma malkia atage zaidi wakati nje bado kuna wiki tano sita za baridi za kushtukiza, nyuki wa kufunika majana hawatoshi, chakula kinaisha mara mbili zaidi na kumeguka kunakuja mapema. Keki ni ya kundi dogo, au la mtu anayetaka kugawa mapema sana na anajua anachokifanya, na huyo akianza hatakiwi kusimama mpaka chavua ya nje ifike, kwani ukiikata katikati wanaanza kula majana yao. Hapa kwetu chavua ya kwanza inaingia yenyewe, kuna mmea fulani wa majimaji kwenye vinamasi unachanua hata theluji haijaisha, halafu katikati ya Machi mepo mwekundu na mierebi. Siku ukiona nyuki anatua mlangoni na vibonge vya njano miguuni msimu umeanza.

MACHI: KUFUNGUA KWA MARA YA KWANZA

Subiri siku ya nyuzi 15, jua, hamna upepo. Siku kama hiyo Machi zinakuja mbili tatu, ukiwa kazini omba ruhusa. Usilete haraka ya nyumbani, nyuki wa kule tulikuwa tunawaendea usiku kwa moshi mwingi na mbio, hawa ni wapole, saa sita mchana polepole na utawasikia hawajabadilisha hata sauti.

Anza na fremu ya pembeni, itoe uisimamishe kando upate nafasi. Sogea mpaka uone majana, simama. Huhitaji kumtafuta malkia, mayai yaliyosimama wima katikati ya matundu yanakwambia alikuwepo ndani ya siku tatu zilizopita. Angalia majana yaliyofunikwa: yajazane bila mapengo, rangi ya biskuti, mifuniko imevimba kidogo. Mifuniko iliyozama, yenye vitobo, harufu mbaya, funga mzinga na mpigie mkaguzi wa nyuki wa jimbo. Pennsylvania kusajili mizinga ni sheria, na wakaguzi wanakuja bila malipo, wale ni watu wa kukusaidia. Angalia jimbo au nchi yako inasemaje.

Halafu fanya kile ambacho kingeokoa mzinga wangu: chukua fremu za asali zilizoko ukutani mwa sanduku, zisogeze zigusane na majana, pande zote mbili. Zikwangue mifuniko kidogo kwa patasi nyuki wazione. Ila usipasue kiota, yaani usiingize fremu ya asali au fremu tupu katikati ya majana wakati usiku bado kuna barafu, utagawa donge mara mbili na upande mmoja utapoa ufe. Pembeni ya majana, siyo katikati.

Badilisha sakafu au ikwangue, kuna maiti, ukungu, vumbi la nta. Dakika kumi zinatosha, funga.

UTITIRI WA VAROA

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ndugu zetu wengi wanalikwepa wakisema babu hakutibu nyuki. Babu hakutibu kwa sababu varoa hakuwepo kwake, Kenya na Tanzania aligunduliwa 2009, na nyuki wa kule wanamstahimili vizuri zaidi. Huku Marekani yupo tangu 1987, na kundi la huku likiachwa bila kuhesabiwa kwa kawaida halifiki miaka mingi. Na kundi kubwa ndo kiwanda chake, manake anazaliana ndani ya majana yaliyofunikwa, majana mengi mapema maana yake varoa wengi mapema.

Siku ya kufungua Machi, au ya pili, hesabu. Nusu kikombe cha nyuki kutoka fremu yenye majana, ni kama nyuki 300, hakikisha mara tatu malkia hayumo, watie kwenye chupa ya spiriti yenye wavu, tikisa dakika moja, chuja, hesabu vidoti vyekundu-kahawia. Unaua nyuki 300, naam inauma, lakini unaokoa elfu ishirini. Mwanzo wa msimu mimi nikipata zaidi ya 3 kwenye hao 300 natibu, wala sisubiri wafike 10.

Dawa ya asidi ya okzaliki ni nzuri sana Desemba wakati hakuna majana, Machi inawaua tu walio juu ya nyuki na waliojificha chini ya mifuniko ya majana wanabaki. Vipande vya dawa ya amitrazi vinakaa wiki 6 mpaka 8 na havitakiwi kuwepo wakati masanduku ya asali ya kula yameshawekwa, kwa hiyo hesabu nyuma: ukishavitoa unasubiri wiki mbili ndo uweke masanduku, basi kama unaweka masanduku mwisho wa Aprili, vipande viingie mwisho wa Februari au siku za kwanza za Machi. Umechelewa? Kuna pedi za asidi ya fomiki zinazopenya hata mifuniko ya majana, zinataka mchana uwe kati ya nyuzi 10 na 29 siku za kwanza, glavu lazima, na usivute ile harufu. Lebo ya dawa isome mpaka mwisho, ya nchi unayoishi.

APRILI: WAPANUE KABLA HAWAJAWAZA KUONDOKA

Ondoa rimu ya sukari. Usiisahau, na sababu yake ni nzuri kuijua: mwaka 1851 mchungaji mmoja hapa hapa Pennsylvania, mjini Philadelphia, Lorenzo Langstroth, aligundua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita 6 mpaka 9 wanaiacha kama njia, ikiwa ndogo zaidi wanaiziba kwa gundi, ikizidi wanajenga sega. Mizinga yote ya fremu duniani imesimama juu ya hiyo namba, akapata hataza yake 1852. Rimu yako ni sentimita 5, kwa hiyo kundi kubwa likianza kutoa nta litakujengea masega ya ovyo mle ndani kwa siku chache, yenye majana ya madume ndani, na kuyakata ni vurugu.

Sasa kuna kugeuza masanduku. Mwanzo wa Aprili mara nyingi kundi lote lipo sanduku la juu, la chini tupu. Nyuki wanapenda kupanda, wakifika juu wanaona nyumba imejaa hata kama chini kuna ghorofa nzima haina mtu. Basi unabadilisha: la juu lenye majana linakuwa chini, tupu linakuwa juu. Hii fanya TU kama majana yote yapo sanduku moja. Yakiwa yamegawanyika kati ya yote mawili acha, ukigeuza unatenganisha vipande viwili vya kiota na baridi ya usiku mmoja inaua cha chini na cha juu.

Dandelioni, yale maua ya njano, zikianza kufunika nyasi za jirani, weka sanduku la asali juu, hata kama bado unaona mapema. Kama una masega yaliyojengwa tayari ya mwaka jana yaweke hayo, ni mali kuliko mzinga wenyewe, kwa sababu nyuki wanapata mahali pa kumwaga mbochi, yaani maji matamu ya maua, leo leo badala ya kuumwaga kwenye matundu ya malkia. Hapo ndo kumeguka kunakoanzia: mbochi unaingia kwa wingi, hamna pa kuuweka, wanajaza kiota, malkia anakosa pa kutaga, nyuki vijana wanakosa watoto wa kulisha.

Kuanzia hapo kagua kila siku 7, usipitishe 9. Inua sanduku la juu kwa mbele, angalia chini ya fremu zake. Vikombe vidogo vitupu vya kulelea malkia mpya vipo kila mwaka, visikutishe. Kikombe chenye yai, au lava (funza wa nyuki) anaogelea kwenye maziwa meupe, uamuzi wao umeshapita, na seli hiyo ya malkia ikifunikwa, siku ya 8 au 9 toka yai, siku yoyote yenye jua wanaondoka na malkia wako wa zamani. Kuvunja seli peke yake ni kupoteza muda, ukiacha moja kwenye kona wameondoka, na ukizivunja zote baada ya malkia kuondoka umewaacha yatima.

KUGAWA

Kwa kundi lenye nguvu kweli, mimi nagawa, nachagua siku mimi wasinichagulie wao. Ishara ya kwamba wakati umefika iko kwenye madume. Fungua kwa uma majana mawili matatu ya madume, yale yenye mifuniko iliyovimba kama risasi, ukikuta macho yameshakuwa ya zambarau unaweza kuanza. Hesabu yake: dume anatoka siku ya 24 na anahitaji kama wiki mbili zaidi akomae, na malkia mpya akianzishwa leo kutoka kwa lava mdogo atatoka baada ya siku kama 12 na kuruka kupandwa karibu wiki moja baadaye. Wanakutana. Ukigawa kabla ya hapo malkia wako ataruka hewani hakuna dume.

Tafuta malkia, hapa sasa ni lazima. Mchukue na fremu yake umtie sanduku jipya, ongeza fremu mbili za majana yanayokaribia kutoka, mbili za asali na chavua, na ukung'ute nyuki wa fremu mbili nyingine za majana humo ndani, kwa sababu wakubwa wanaotafuta chakula watarudi mahali pa zamani na utabaki na vijana tu. Ziba mlango ubaki upana wa kidole. Sanduku hili liende upande mwingine wa shamba, lilishwe maji ya sukari, sukari moja kwa maji moja. Limepata hisia ya kwamba tayari limemeguka, linatulia.

Kule kwa zamani wamebaki nyuki wengi, mayai na lava wadogo, hawana malkia. Ndani ya saa chache mvumo unabadilika, usiku wanaanza kutengeneza seli, zile zinazoning'inia kama ganda la karanga. Siku ya 5 au 6 rudi, acha seli mbili nzuri kwenye fremu moja, nyingine zote vunja, kung'uta nyuki kwenye kila fremu kwanza ili isikupite iliyojificha, la sivyo kundi kubwa hivyo litameguka tena na malkia bikira. Fremu yenye seli mbili usiikung'ute wala kuigeuza chali, lava ndani wanaumia.

Halafu wiki tatu usifungue. Utatamani. Usifungue, malkia bikira anayerudi toka kupandwa akakuta mzinga umefumuliwa anaweza kupotea au kuuawa. Ongeza tu sanduku la asali juu kama mbochi unaingia, miti ya mgunga wa huku wenye maua meupe inachanua katikati ya Mei na nyuki wasio na majana ya kulea wanaleta asali ya ajabu. Wiki ya nne toka ugawe, asubuhi yenye jua nyuma ya bega lako, nyanyua fremu ya katikati uielekeze mwanga uingie mpaka chini ya matundu. Yai moja moja, limesimama katikati, kila tundu. Usiposhuhudia mayai ipe siku saba zaidi, na bado hakuna, chukua fremu moja ya mayai kutoka kwa malkia wa zamani uwape waanze upya.